Umma Usiokanyaga Ardhi Yake

Mwanafunzi wangu wa Mbagala ameniuliza: akitaka kwenda kumtafuta swala katika ardhi ya umma, aanzie wapi? Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 yatamka kwamba ardhi yote nchini ni ya umma, Rais akiwa mdhamini. Lakini sehemu kubwa ya mapori imekatwa vitalu vya uwindaji vikapewa makampuni. Loliondo, kampuni kutoka Falme za Kiarabu imewinda tangu miaka ya 1990. Juni 2022 zikasimikwa bikoni kuzunguka kilomita za mraba 1,500, na wafugaji wakatakiwa kutoka. Nimemjibu: aanzie kuuliza ni nani aliyeulizwa. Mdhamini asiyewauliza wanufaika si mdhamini tena. Amekwisha kuwa mwenye mali.