Lubumbashi: Kila jioni tunalipa feza ya parkingi, lakini njia ya watu wa miguu imekwenda wapi?

Siku ya Ijumaa, kuanzia saa 18, katikati ya mji wa Lubumbashi watu wa miguu wanatembea ndani ya barabara na magari yanalala kwenye njia ya watu wa miguu. Tumeizoea hali hii mpaka hatuioni tena. Restora zimejaa, na hilo ni jambo jema: wapishi wana kazi, mama anayeuza makala ana mteja, mwenye mbuzi wa michopo anarudi nyumbani na kitu mfukoni. Wageni wanatoka Likasi, kilomita 120, wengine Kolwezi, kwa ajili ya kula na kuonana na jamaa. Sipingi hata kidogo watu kula nje. Mimi mwenyewe siku ya feza ni wa kwanza kutafuta meza.

Shida yangu ni gari linalomleta mlaji. Wengi wanasema mji hauna nafasi ya kutosha, na kwamba parkingi ni bure ndiyo maana fujo imekuwa nyingi. Mimi ninasema parkingi katikati ya Lubumbashi si bure hata jioni moja. Tunalipa, tena tunalipa mara mbili au tatu, lakini feza hiyo haifiki kwa mtu yeyote anayeweza kuulizwa juu ya hali ya barabara.

Fuata gari moja tu. Linapunguza mwendo mbele ya restora, na kijana mwenye kipande cha katoni anakimbia mbele yake: « Papa, kuya apa, iko nafasi! » Nafasi hiyo ni gani? Ni bamba la saruji lililowekwa juu ya mfereji ili magurudumu ya mbele yapande mpaka ukutani, na matako ya gari yabaki barabarani. Noti ya kwanza inatoka. Saa mbili baadaye, tumbo limejaa bukari na samaki, mlaji anatoka na kukuta kijana mwingine, si yule wa kwanza: « Mi njo nilikuwa nachunga motokari, papa. » Noti ya pili. Na kama jioni imekuwa mbaya, polisi wa rulaji naye amepita, amekuta gari mahali pasipofaa, na mambo yanamalizika pale pale bila karatasi yoyote. Hiyo ni ya tatu, na ni kubwa kuliko zile mbili.

Hesabu magari ya avenyu moja, zidisha kwa siku za wikendi, utaona ni feza ya kweli. Kisha angalia chini. Je, kuna mstari mweupe uliopakwa? Kuna taa iliyotengenezwa? Kuna bamba la mfereji lililobadilishwa? Hakuna.

Vijana hawa wa katoni watu wanawatukana sana, kwamba ni bashege, kwamba ni wezi wa vioo. Wako wezi kati yao, sikatai, na kila mwenye gari katika mji huu anamjua mtu aliyenunua upya kioo chake cha pembeni. Lakini tuseme kweli, ni wao peke yao wanaofanya kazi ya parkingi usiku. Wanajua gari lipi linatoka sasa, lipi litakaa mpaka usiku wa manane, nani anakunywa na nani anakula haraka. Wanasimamisha magari ya barabarani kwa mkono ili wewe urudi nyuma. Mji una watumishi ambao haujui majina yao, haujawapa gilé wala kitabu cha risiti, na kisha unashangaa kwamba kila mmoja anaweka bei yake. Ukiwafukuza Jumatatu, Ijumaa watarudi wengine. Nafasi ya kazi ile iko wazi, lazima mtu aijaze.

Sasa tuje kwa wanaoumia kabisa. Mwenye gari anapoteza noti mbili na hasira kidogo, haimuui. Mimi ninawaza juu ya mtu anayeosha sahani ndani ya restora ile ile. Saa 22 au 23 anavua aproni, anatoka kwa mlango wa nyuma, anapaswa kutembea mpaka mahali pa teksi-basi za kwenda Katuba, Kenya, Ruashi au Kampemba. Njia ya miguu imejaa magari toka kona mpaka kona. Anashuka barabarani. Taa ya mtaa haiwaki, nguo yake ni nyeusi kama walivyomwagiza kazini, na nyuma yake wanakuja watu waliotoka kunywa bia tatu au nne wakiwa kwenye usukani. Manseba nao wanapita katikati na moto zao, kwa haraka, kwa sababu usiku ndio wakati wao wa kupata. Mama aliyebeba mtoto mgongoni na beseni kichwani anafanya njia hiyo hiyo. Mtu wa kigari cha magurudumu hafanyi kabisa, anabaki nyumbani.

Kwa hiyo wale wanaotupikia na kutuletea sahani ndio wanaolipa bei ya parkingi yetu kwa miguu yao. Sijui namna nyingine ya kulisema hilo kwa upole.

Kuna na jambo moja dogo la mji wetu ambalo wageni hawalifikirii. Kongo tunaendesha upande wa kulia, lakini magari mengi ya Lubumbashi yana usukani upande wa kulia, yale yanayotoka Japani kwa kupitia nchi jirani. Ukiegesha gari kama hilo kando ya kulia, dereva anashukia salama kwenye njia ya miguu, na aliyeketi pembeni yake, mara nyingi bibi yake aliyevaa vizuri kwa ajili ya jioni, anafungua mlango katikati ya magari yanayopita. Nimeona milango ikikoswa kwa kidole kimoja.

Na yale mabamba ya saruji juu ya mifereji. Kila restora, kila duka la dawa, kila nyumba ya hoteli inaweka lake, kwa kipimo chake, ili magari yapande. Chini ya bamba takataka zinashikwa: chupa za plastiki, mifuko, mabaki ya jiko. Mvua za Novemba zikianza maji hayana pa kupita, yanapanda barabarani, lami inaoza, shimo linazaliwa. Mwaka unaofuata tunalaumu kampuni iliyoweka lami. Lakini shimo lile lilianza na gari lililotaka kulala karibu na mlango.

Mji huu haukuzaliwa mbaya. Ulipoanzishwa mwaka 1910, ukiitwa Élisabethville, waliupima kwa mistari, avenyu pana zinazokutana kwa pembe sawa. Waliopima hawakuwa wanatufikiria sisi, hilo tunalijua. Wenye magari walikaa upande mmoja, na wafanyakazi walitoka Kamalondo kwa miguu au kwa kinga. Lakini hata katika mpango ule wa ubaguzi, nafasi ya kutembea ilichorwa. Sisi tumeurithi mpango, tumeondoa mipaka yake mibaya, na tukaondoa na njia ya miguu pamoja nayo. Sheria ya barabara tunayo, namba 78-022 ya tarehe 30 Agosti 1978. Kila polisi wa rulaji anaijua pale inapomsaidia.

Watu wengi wanapendekeza dawa moja: kila restora ilazimishwe kuwa na parkingi yake ndani ya uwanja, kama haina ifungwe. Dawa hiyo inapendeza kusikia. Mimi ninaiogopa. Restora kubwa itanunua nyumba ya jirani na kuibomoa. Mama mwenye meza sita na sufuria ya sombe atafunga, kwa sababu uwanja wake wote ni sawa na magari matatu. Na tayari tumeona inavyokwenda: nyumba za zamani zenye bustani zinageuzwa restora, miti ya jakaranda iliyopandwa kabla hatujazaliwa inakatwa, kokoto zinamwagwa. Tukiendelea hivyo, mwezi wa Septemba hatutakuwa tena na maua ya zambarau ya kupigia picha, tutakuwa na viwanja vya kokoto vyenye joto. Mtu haji katikati ya mji kula kokoto.

Yuko profesa mmoja wa Marekani, Donald Shoup, wa chuo kikuu cha UCLA huko Los Angeles, aliyefariki mwaka 2025, ambaye maisha yake yote ya kazi aliyatoa kwa jambo hili ambalo wenzake waliona ni dogo. Mwaka 2005 alitoa kitabu kinene, The High Cost of Free Parking. Mfano aliopenda kuutoa ni wa Old Pasadena, mtaa wa zamani wa maduka na restora katika jimbo la California. Mtaa ulikuwa umechakaa. Mji ulipotaka kuweka mashine za kulipia parkingi, wenye maduka walikataa: wateja watakimbia! Kumbe waliojaza nafasi za mbele mchana kutwa walikuwa wafanyakazi wao wenyewe. Waliposikia kwamba feza ya mashine itabaki katika mtaa wao ule ule, walikubali, na hata wakataka mashine zifanye kazi jioni na Jumapili. Mwaka 1993 mashine ziliwekwa, dola moja kwa saa. Feza ilitengeneza njia za miguu, ikapanda miti, ikaweka taa, ikalipa usafi. Wateja hawakukimbia, walirudi.

Lubumbashi si Pasadena, na mtu asiniambie nataka mashine za dola hapa. Zingeng'olewa wiki ya kwanza na kuuzwa kwa kilo. Ninachochukua kwa mfano ule ni kitu kimoja: watu walikubali kulipa kwa sababu waliona feza yao mbele ya macho, kwenye saruji ya mlangoni pao. Sisi tunalipa tayari. Kinachokosekana ni ile sehemu ya pili.

Basi tuanze na avenyu moja, si mji mzima. Nyumba ya meya ikae na wenye restora wa avenyu hiyo na wale vijana wa katoni, wote kwenye meza moja. Vijana waandikwe majina, wapewe gilé zenye namba na tiketi za bei moja inayojulikana, sehemu iwe mshahara wao na sehemu iingie kwenye sanduku la avenyu. Kila mwezi karatasi ibandikwe ukutani: imeingia kiasi hiki, imetoka kiasi hiki, taa ngapi, mifereji mingapi imefunguliwa. Mwezi ambao karatasi haikubandikwa, mteja awe na haki ya kukataa tiketi. Najua wengine watacheka hapa. Wacheke, lakini wanaolipa noti tatu gizani wana la kucheka kidogo kuliko wao.

Na magari yaende wapi? Swali hili lina jibu ambalo tunalipita kila usiku. Katikati ya mji kuna nyua za benki, za ofisi za serikali, za makampuni na za shule. Saa 17 zinafungwa, zinabaki tupu mpaka asubuhi, na mlinzi analipwa kukaa humo akitazama nafasi tupu. Wakati huo huo, nje ya ukuta, magari yamepandana juu ya mfereji. Mwenye uwanja akikubali kuufungua kuanzia saa 18 mpaka saa 23, restora za jirani zimlipe kodi, mlaji aache gari ndani kwa tiketi na atembee dakika tatu au nne. Halihitaji jengo jipya wala mkopo, linahitaji mkataba na ufunguo.

Nitaambiwa: kutembea usiku dakika nne, Lubumbashi hii, na visu na simu zinazonyakuliwa? Hoja hiyo ni nzito, ni nzito kuliko zote, na ndiyo inayofanya watu wenye roho nzuri waegeshe gari mpaka karibu waingie nalo jikoni. Lakini tazama nani anatembea tayari. Muosha sahani anatembea, muuza mayai anatembea, mlinzi wa zamu anatembea. Usalama wao haukuwahi kuwa hoja. Siku ambayo wenye magari nao watatembea kipande kile kile, taa za kipande hicho zitapata watu wa kuzidai, na watu hao wanajua mlango wa nyumba ya meya uko wapi. Na avenyu yenye walaji mia moja wanaotembea si sawa na avenyu yenye mtu mmoja anayekimbia katikati ya magari.

Njia ya miguu yenyewe ilindwe kwa vyuma vifupi vilivyosimikwa kwenye saruji, si kwa tangazo. Gari halisomi tangazo. Fundi wa kuchomea vyuma hakosekani katika mji wa shaba, na mabomba ya kazi hiyo yanauzwa kwa uzito. Mabamba ya mifereji yafunguliwe kabla ya Novemba, kila restora ifungue la kwake mbele ya mlango wake, na anayetaka kulirudisha alirudishe kwa kipimo cha mji, lenye tundu la kupitisha koleo.

Bado sijasikia restora hata moja ikisema iko tayari kuwa ya kwanza. Wenye restora wanaosoma hapa wanajua idadi ya wafanyakazi wao wanaotoka saa 23 na wanajua wanapita wapi mpaka teksi-basi. Waanze kwa kutoka nao usiku mmoja, wafuate njia hiyo yote, halafu waje tuzungumze bei ya tiketi.