Mbwa Hazoei Kupe

Hapa Kakuma mbwa tunawategemea kwa mengi. Usiku wanalinda mbuzi zizini, mchana wanafuatana na watoto malishoni kandokando ya mto Tarach. Je, ni lini ulimshika wako ukamfunua masikio?

Wengi wetu husema, "Mbwa wa kienyeji kashazoea kupe." Wazo hilo si la bure. Ng'ombe wa nundu, kama hawa wetu wa Turkana, akiumwa na kupe mara kwa mara mwili wake hujenga kinga, na kupe wengi hushindwa kushiba. Mbwa je? Miaka ya 1990 watafiti wa Brazil waliwajaribu wanyama kwa kuwawekea kupe wa kahawia wa mbwa tena na tena. Simbilisi alijenga kinga, mbwa hakujenga. Kila mara kupe walimnyonya wakashiba.

Basi mbwa aliyetulia na kupe wake hajasalimika. Damu inapungua, na kupe huyo wa kahawia anaweza kumwambukiza homa: akakataa chakula, fizi zikapauka, hata pua ikatoka damu. Sisi watu pia tunaweza kupata homa tukiumwa naye.

Tufanye nini nyumbani? Jioni kagua masikio, shingo na katikati ya vidole, mtoto akikushikia tochi. Kupe jike aliyeshiba hufura kama punje ya maharagwe. Mbane kwa kibano karibu kabisa na ngozi, mvute polepole bila kumsokota, mtumbukize kwenye kopo la spiriti. Usimpasue kwa vidole. Kisha nawa mikono.

Halafu tazama anapolala mbwa. Kupe jike akishiba hudondoka, akajificha kwenye ufa na kutaga mayai kwa maelfu. Fagia hapo, ziba nyufa, choma matandiko yaliyochakaa.

Na kazini? Wewe mlinzi wa ghala, wewe mwenye bucha, wewe mwalimu: nani anawaangalia mbwa wanaolala hapo kwenu? Shaurianeni, mmoja achukue jukumu hilo. Kuhusu dawa, muulizeni kwanza afisa wa mifugo, maana dawa ya kuogeshea ng'ombe ikikosewa kipimo inaweza kumuua mbwa.

Kujaliana tunakujua. Leo jioni, kabla ya kufunga zizi, kila boma limkague mbwa wake, na jirani amkumbushe jirani.