Fedha za Babu na Saa ya Mjukuu

Katika kijiji kimoja karibu na Muheza alikuwako mzee mwenye shamba la michungwa. Mjukuu wake alipomaliza darasa la saba na kushinda mtihani, mzee alimwita barazani, akafungua fundo la kitambaa, akamhesabia shilingi 120,000. Akamwambia, "Mjukuu wangu, hizi ni fedha za machungwa ya mwaka huu. Nenda Tanga ukanunue saa ya mkono. Iwe nzuri, nayo iwe ya kukaa." Kijana akapokea kwa mikono miwili, akasema, "Ahsante, babu."

Habari hiyo ilipoenea nyumbani, si wote walioipenda. Mama yake mdogo alisema afadhali anunue mbuzi, kwa maana mbuzi huzaa na saa haizai. Rafiki yake alisema kwamba siku hizi kila simu huonyesha saa, basi kuvaa nyingine mkononi ni kutupa fedha. Maneno hayo si ya kipumbavu. Mtu mwenye njaa asinunue saa, wala mwenye deni asinunue pambo. Lakini waliosema hivyo hawakumwuliza mzee kwa nini alitaja saa, wala hakutaja mbuzi.

Mzee huyo alipokuwa kijana alikata mkonge katika mashamba. Asubuhi kipande cha reli kilichotundikwa mtini kiligongwa, watu wakaenda kazini. Jioni kiligongwa tena, wakarudi. Saa ilikuwa mfukoni mwa msimamizi. Wakata mkonge waliambiwa tu kwamba muda haujaisha, wala hawakuwa na njia ya kujua kama ni kweli. Tangu siku zile alitamani mtoto wa nyumba yake awe na saa yake mwenyewe, asimame mbele ya mtu ye yote akiijua saa bila kuambiwa. Basi zawadi ile haikuwa pambo. Yafaa kila apewaye fedha za kumbukumbu atafute kwanza nia ya mpaji, kwa kuwa asiyeijua nia hiyo aweza kununua kitu kizuri sana na bado akapoteza zawadi.

Kijana alipofika Tanga aliingia katika duka lenye taa nyingi. Akaonyeshwa saa kubwa, ya rangi ya dhahabu, yenye jina la watengenezaji mashuhuri wa Uswisi. Muuzaji akasema, "Hii ni dhahabu tupu. Kwa kuwa u mwanafunzi, toa 110,000." Kijana akaivaa, akajitazama katika kioo, moyo wake ukaenda mbio. Alifikiri jinsi wenzake watakavyomzunguka.

Hapo ndipo vijana wengi huanguka, kwa kuwa macho hununua kabla ya akili kuhesabu. Na hesabu yenyewe si ngumu. Dhahabu ya karati 24 ndiyo safi; ya karati 18 ina sehemu 18 za dhahabu na sehemu 6 za madini mengine. Gramu moja tu ya dhahabu safi siku hizi hupita fedha zote alizokuwa nazo kijana yule. Itawezekanaje basi saa nzima ya dhahabu, na tena ya jina kubwa, iuzwe kwa 110,000? Aidha ilikuwa shaba iliyopakwa rangi, aidha ilikuwa ya wizi. Na katika mambo hayo mawili hakuna lifaalo kuwa kumbukumbu ya mzee mwaminifu. Wazee wamesema, chema chajiuza, kibaya chajitembeza.

Kijana alishukuru, akatoka. Katika uchochoro nyuma ya soko alimkuta fundi saa, mzee mwenye kioo jichoni, ameketi nyuma ya meza ndogo. Fundi alikuwa na saa moja ya chuma cha pua, iliyokwisha tumika, ya kutia ufunguo kila siku. Uso wake ulikuwa mweupe, tarakimu zake nyeusi, na kioo kilikuwa na mkwaruzo mmoja. Bei yake 90,000. Kijana akauliza, "Mzee wangu, waweza kuifungua niione ndani?" Fundi akafurahi, akaifungua.

Ndani alionyeshwa kamani, yaani ukanda mwembamba wa chuma uliokunjwa. Mtu atiapo ufunguo huikaza kamani. Nayo ikifunguka polepole huyasukuma magurudumu yenye meno. Ingeachwa huru ingefunguka mara moja, lakini huzuiwa na gurudumu dogo liendalo huku na huku, lenye uzi wa chuma mwembamba kama unywele. Uzi huo Christiaan Huygens wa Uholanzi aliutia katika saa mwaka 1675, na tangu hapo saa za mfuko zikaanza kuaminika. Katika saa nyingi gurudumu hilo hupiga mara tano kwa sekunde moja, yaani mara 18,000 kwa saa moja. Mahali pazungukapo vyuma huwekwa vijiwe vigumu vya yakuti, visilike upesi. Kijana akaona kwamba thamani ya saa imekaa upande usioonekana na watu.

Jambo hili lathibitishwa na habari ya John Harrison, seremala wa Uingereza, aliyezaliwa mwaka 1693. Zamani zile manahodha walipotea baharini kwa kutojua wamefika wapi upande wa mashariki au wa magharibi. Dunia hugeuka nyuzi 15 kwa kila saa moja. Basi nahodha aliye na saa ya nyumbani iliyo kweli, akiilinganisha na adhuhuri ya mahali alipo, aweza kujua amekwenda umbali gani. Lakini saa ikikosa dakika 4 tu, nahodha amekosa uzi mmoja mzima, na karibu na Ikweta uzi mmoja ni kilometa 111. Mwaka 1714 Bunge la Uingereza liliahidi zawadi ya hata pauni 20,000 kwa atakayepata njia. Harrison alifanya kazi miaka mingi. Saa zake tatu za kwanza zilikuwa kubwa. Ya nne, aliyoimaliza mwaka 1759, ilikuwa na upana wa sentimeta 13 tu. Mwaka 1761 ilipakiwa melini kwenda Jamaica, na baada ya siku 81 ilihesabiwa kuwa imekosa sekunde 5. Saa hiyo imetunzwa Greenwich hata leo. Haikutunzwa kwa sababu ya kung'aa, bali kwa sababu ilisema kweli mahali ambapo uongo ungeua watu.

Asije mtu akadhani kwamba saa za betri zinadharauliwa hapa. Saa ya mkono ya betri yenye kijiwe kitikisikacho iliuzwa kwanza Japani mwaka 1969. Katika saa nyingi za namna hiyo siku hizi kijiwe hicho hutikisika mara 32,768 kwa sekunde, nazo huishika saa vema kuliko saa nyingi za kamani. Mtu atakaye saa ya kuwahi gari moshi au zamu ya kazi, na anunue ya betri, hakukosa. Tena saa ya kamani ina taabu zake: hutaka ufunguo kila siku, huchukia maji na vumbi, na baada ya miaka michache hutaka kusafishwa na kutiwa mafuta, nayo ni gharama. Lakini kumbukumbu haipimwi kwa sekunde peke yake. Hupimwa kwa swali hili: ikiharibika, je, yatengenezeka? Saa nyingi za bei ndogo zikifa hutupwa. Saa njema ya kamani fundi aweza kuifungua na kuirudisha kazini, hata baada ya aliyeinunua kwanza kuwa mzee. Zawadi ya babu haifai kuishia jalalani.

Kijana hakulipa papo hapo. Aliomba saa itiwe ufunguo na kulinganishwa na saa nyingine, akaenda kukaa ufukoni hata alasiri. Aliporudi aliikuta imechelewa nusu dakika. Fundi hakuficha, alisema, "Kwa siku nzima huenda ikakosa dakika moja. Uirekebishe kila asubuhi." Muuzaji atajaye kasoro ya mali yake yafaa aaminiwe kuliko asemaye haina kasoro. Kijana akalipa, akapewa hati ya malipo.

Jioni alifika nyumbani, akasema, "Shikamoo, babu." "Marahaba, mjukuu wangu." Akamwekea mkononi saa, hati, na shilingi 25,000, akaeleza, "Saa 90,000, nauli 5,000, hizi zimebaki." Mzee, ambaye macho yake yalikuwa yamefifia, aliitia saa sikioni akasikiliza kitambo. Kisha akazirudisha zile fedha akisema, "Weka. Hizo ni za fundi, siku itakapougua." Akauliza, "Sasa ni saa ngapi?" Kijana akatazama: mshale mdogo ulikuwa umefika 6, mkubwa umesimama juu ya 12. Akajibu, "Saa kumi na mbili kamili, babu." Mzee akasema, "Basi kazi imekwisha," akaondoka kwenda kunawa.

Wako watu wafungiao kumbukumbu sandukuni, wakidhani kwamba ndiyo heshima. Saa iliyofungiwa miaka mingi mafuta yake hukauka, na siku ya kuitaka haiendi. Wako wengine waivaao ili kuwaaibisha wenzao, nao huigeuza jasho la mzee kuwa majivuno. Njia iliyo njema ni kuivaa, kuitia ufunguo kwa saa ile ile kila siku, kuiepusha na maji, na kuitii. Mwanafunzi mwenye saa akichelewa shuleni amemwaibisha babu yake kuliko asiye nayo, kwa kuwa huyu alikosa chombo, bali yule alipewa chombo akakidharau.

Michungwa ya mzee itazaa tena mwakani, lakini miaka aliyokata mkonge bila kujua saa haitarudi. Kijana hawezi kumlipa miaka hiyo. Aweza tu kuitumia vema miaka yake mwenyewe, naye anayo saa ya kumwonyesha jinsi inavyopita.