Mfanyakazi Anunue Kiwanja Wapi?

Mfanyakazi wa Dar es Salaam anapokaribia kustaafu hulikabili swali moja zito: kiinua mgongo chake akiweke wapi? Wengi hujibu bila kusita kwamba watakiweka katika ardhi, nasi hatuoni ubaya katika jibu hilo. Kwa hesabu ya mwaka 2012 Mkoa huu ulikuwa na watu 4,364,541. Ilipofika hesabu ya mwaka 2022 walikuwa 5,383,728. Watu milioni moja walioongezeka kwa miaka kumi hawana budi kulala mahali. Walakini kiwanja na kiwanja havilingani, na twaona kwa masikitiko jinsi akiba ya miaka thelathini inavyopotea kwa alasiri moja kwa neno la dalali. Barabara inakuja, umeme unakuja, maji yanakuja: ndiyo maneno yauzayo vichaka vya mji huu.

Tujiulize kwanza bei ya kiwanja hutoka wapi. Haitoki katika udongo. Waingereza walipougawa mji huu kwa rangi za watu, lami na mabomba vilielekezwa Oyster Bay, na mpaka leo bei ya huko yabeba urithi huo. Bahari ipo Kigamboni pia, lakini Kigamboni ilikaa miaka mingi ikitegemea kivuko, au mzunguko mrefu wa kupitia Kongowe. Mwezi Aprili 2016 daraja la mita 680 lilifunguliwa, na bei za viwanja ng'ambo ile zikapanda. Mwenye shamba la Kibada hakuwa ameongeza hata tofali moja. Thamani ile ilitokana na fedha ya Serikali na ya NSSF, yaani michango ya wafanyakazi wenyewe. Kwa hiyo mfanyakazi aliyechangia daraja kwa mshahara wake, kisha akaenda kununua kiwanja baada ya kufunguliwa, alililipia daraja hilo mara ya pili, na safari hii alimlipa mtu aliyewahi kununua mapema.

Ndipo wengine husema: basi nasi tuwahi. Ni shauri jema, lakini lina miiba yake, na Kigamboni ni shahidi. Mwaka 2008 eneo kubwa la huko lilitangazwa kuwa la mpango wa mji mpya. Wenye viwanja wakazuiwa kuviendeleza kwa miaka kadhaa wakingojea fidia na ramani, na mji ule haukusimama kama ulivyotangazwa. Aliyenunua kwa kuamini tangazo alikaa na fedha iliyofungwa.

Barabara ya Morogoro ina funzo kali zaidi. Mwaka 2017 nyumba nyingi kutoka Kimara hadi Kiluvya zilibomolewa kupisha upanuzi, kwa kuwa zilikuwa ndani ya hifadhi ya barabara ambayo upande huo hufika mita 121.5. Leo barabara hiyo ni pana hadi Kibaha, na kituo kikuu cha mabasi kipo Mbezi Luis tangu mwaka 2021. Aliyejenga nje ya hifadhi amenufaika sana. Aliyejenga ndani alibaki na kifusi. Barabara ni ile ile moja, na kati ya watu hao wawili pengine palikuwa na ua wa michongoma tu! Mita ya umeme na bomba la maji si hati.

Kadhalika mabondeni. Mafuriko ya Desemba 2011 katika Bonde la Msimbazi yaliua watu, na waliopona wakahamishiwa Mabwepande. Kiwanja kilicho rahisi karibu na mjini kina sababu ya kuwa rahisi, na sababu hiyo huonekana wakati wa masika kuliko kiangazi. Twawashauri wanunuzi wakakague mvua inaponyesha.

Je, wapi basi? Kwa maoni yetu, mtu mwenye akiba moja tu maishani atangulize maeneo yaliyopimwa kabla ya watu kujenga. Mradi wa viwanja 20,000 ulioanza miaka ya 2002 na 2003 ulipima Kibada, Kisota, Mwongozo, Gezaulole, Toangoma, Buyuni, Mivumoni na kwingineko. Huko kuna nguzo za mipaka na njia za kupita gari la zimamoto. Hatusemi kwamba kote ni pema sawasawa. Huduma zilichelewa, na Buyuni ilibaki na viwanja vitupu kwa muda mrefu. Anayefanya kazi bandarini apige kwanza hesabu ya nauli na saa za alfajiri. Upande wa Pugu madalali watataja stesheni ya reli mpya. Ni kweli treni zilianza kwenda Morogoro mwaka 2024, lakini hizo ni treni za safari, hazikuwekwa kumwahisha fundi kazini Kariakoo.

Yafaa pia kukumbuka sheria. Chini ya Sheria ya Ardhi Na. 4 ya mwaka 1999 ardhi yote ni ya umma, Rais akiwa mdhamini. Raia hupewa haki ya kuitumia kwa muda usiozidi miaka 99. Kwa hiyo karatasi iliyogongwa muhuri mtaani haitoshi. Mnunuzi afanye upekuzi kwa Msajili wa Hati kabla ya kutoa shilingi, wala asione haya kumwambia muuzaji angoje.

Azimio la Arusha la mwaka 1967 liliwakataza viongozi kuwa na nyumba za kupangisha, na uamuzi wa Zanzibar wa mwaka 1991 ukalegeza mwiko huo. Hatudhani aliyelengwa alikuwa mstaafu wa Mbagala apangishaye vyumba viwili. Anayetutia wasiwasi ni yule aliyezungushia ukuta viwanja arobaini, akingoja lami ya umma impandishie bei.

Dawa ya kwanza imo mikononi mwa halmashauri. Ramani za mipango miji, hifadhi za barabara na mipaka ya mabonde zipo maofisini, na mwenye rafiki humo huzisoma mapema. Zibandikwe katika kila ofisi ya mtaa, kwa Kiswahili, ili mpishi wa shule naye azisome kabla hajafungua pochi yake.