Karamu ya Maskini Wasioalikwa



Hivi karibuni nilialikwa kwenye karamu ya kuchangisha fedha kwa ajili ya makao ya watoto yatima, katika mmojawapo wa miji ya nchi yetu ya Kenya. Kazi yangu ilikuwa kubariki chakula. Kadi ya kuingia iliuzwa shilingi 5,000, fedha ambazo kibarua wa shambani huzipata kwa siku nyingi za jasho. Meza za mbele ziliwekewa maji ya chupa; za nyuma ziliwekewa jagi. Watoto wenyewe waliletwa kwa lori, wamevalishwa sare mpya. Wakaimba nyimbo mbili, wakamvika mgeni rasmi shada la maua, wakapigiwa makofi, kisha wakarudishwa garini. Chakula kilikuwa bado hakijapakuliwa.

Nami niliyaona hayo, nikasali, nikaketi, nikala. Kwa hiyo siyaandiki haya kama mtu aliye nje ya kosa.

Mshereheshaji alirudia mara nyingi methali yetu: kutoa ni moyo, si utajiri. Lakini majina aliyoyatangaza kwa kipaza sauti yalikuwa ya wenye laki moja kwenda juu. Mama mmoja muuza mboga, aliyetumwa na Jumuiya yake Ndogo ya Kikristo, alikabidhi bahasha yao kwenye meza iliyokuwa mlangoni, akaenda zake. Bahasha ile haikutajwa. Na tusisahau jambo hili: wengi wa wale waliopigiwa makofi walitoa ahadi, bahasha ya yule mama ilikuwa na fedha.

Je, ndugu zangu, hiyo ndiyo Harambee? Roho tuliyoirithi tangu uhuru wa mwaka 1963 ilikuwa ya jirani kumwinua jirani kwa kile alicho nacho: huyu mawe, yule mchanga, mwingine nguvu za mikono yake. Hivyo ndivyo yalivyojengwa madarasa mengi ya watoto wetu. Leo tumeigeuza kuwa mnada wa heshima, ambapo mwenye mali hununua kiti cha mbele, na maskini huonyeshwa kama bidhaa ili bei ipande.

Bwana wetu hakutuacha bila mwongozo juu ya karamu. Katika Injili ya Luka 14:12-14 anatuagiza tusiwaalike matajiri wanaoweza kutulipa, bali maskini, viwete na vipofu wasio na cha kurudisha. Mtakatifu Yakobo anawakemea wanaompa kiti kizuri mwenye pete ya dhahabu na kumsimamisha fukara kando (Yak 2:1-4). Na pale penye sanduku la hazina ya hekalu, macho ya Yesu yalimwona mjane mwenye senti mbili (Mk 12:41-44). Sisi tulikuwa na mjane wetu ukumbini, na hatukumwona.

Najua jibu nitakalopewa. "Padre, makofi na viti vya mbele ndivyo vinavyoleta fedha. Ukiwaudhi wakubwa, watoto watalala njaa." Jibu hili silidharau, maana njaa ya mtoto haingoji mahubiri. Lakini naomba tulipime. Tajiri ambaye hatatoa mpaka asifiwe, huyo hajatoa, amenunua. Naye anayenunua ana haki ya kudai bidhaa yake: leo shada la maua, kesho mimbari, kesho kutwa ukimya wetu tutakapotakiwa kunena juu ya ardhi iliyonyakuliwa au mishahara isiyolipwa. Mkono unaotulisha kwa masharti hutufunga kinywa. Wala hatumfukuzi tajiri. Twamwomba aje kama ndugu, aketi karibu na mtoto anayemsaidia, amuulize jina lake.

Wala tusiseme kwamba haiwezekani. Mnamo Novemba 2024 Askofu Mkuu Philip Anyolo wa Nairobi aliagiza virudishwe vipaji ambavyo viongozi wa kisiasa, akiwemo Rais wa nchi, walikuwa wametoa kwa kanisa la Soweto, akakumbusha kwamba michango ya kanisani isitumiwe kwa malengo ya siasa. Mamilioni yalikataliwa, na Kanisa halikuanguka.

Tena, hisani isiyo na hesabu huzaa wizi. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983 iko wazi: toleo lililotolewa kwa kusudi fulani litumike kwa kusudi hilo tu (kan. 1267), na wasimamizi watoe hesabu kwa waamini juu ya mali waliyotoa (kan. 1287). Basi baada ya kila karamu ya aina hii, gharama za ukumbi, maua na chakula zisomwe kanisani pamoja na mapato, ili kila mmoja ajue watoto wamebakiwa na nini.

Ninawasihi viongozi wa walei kwa maneno machache. Karamu ikifanyika, watoto wakae mezani, wale kwanza. Bahasha zote zisomwe kwa jina la Jumuiya bila kutaja kiasi, au zisisomwe kabisa. Viti vya mbele wapewe wazee na wagonjwa. Na sisi mapadre tukiombwa kubariki chakula, tuulize kwanza wenye karamu wako wapi. Mimi sikuuliza. Lori liliondoka na watoto wenye njaa, na baraka yangu ikabaki juu ya sahani za walioshiba.

Maswali ya kutafakari katika Jumuiya:

1. Katika harambee yetu iliyopita, ni nani alionekana, na ni nani hakuonekana?

2. Je, tumewahi kusomewa hesabu kamili, pamoja na matumizi?

3. Ni mchango gani ambao parokia yetu ingepaswa kuwa na ujasiri wa kuukataa?