UKABAILA ULIVUKA BAHARI

Tukitaja ukabaila darasani, wenzangu wengi hufikiria Ulaya ya kale tu: ngome, makasri na wapanda farasi. Marekani, ati, ilizaliwa huru. Mimi nakataa katakata.

Mwaka 1629 Kampuni ya Kiholanzi ya West India ilitoa hati kuhusu koloni yake ya New Netherland. Tajiri aliyepeleka huko watu 50 waliozidi umri wa miaka 15, katika muda wa miaka minne, alipata ardhi ya kilomita 25 hivi kando ya mto, na kwenda bara kadiri alivyoweza. Aliitwa "patroon". Hata mahakama ilikuwa yake! Mpangaji akikosana na bwana shamba, mwamuzi ni mtu wa huyo huyo bwana. Si ndiyo kesi ya nyani kumpelekea ngedere?

Kiliaen van Rensselaer, mfanyabiashara wa vito wa Amsterdam, alijipatia eneo lake kando ya mto Hudson mwaka 1630. Hakulikanyaga hata siku moja. Alitawala kwa barua!

Wapo watakaoniuliza: je, si yeye aliyegharamia safari na mifugo? Sawa, faida alistahili. Lakini faida gani isiyo na mwisho? Waingereza waliiteka koloni mwaka 1664, na mwaka 1685 wakaithibitishia jamaa hiyo milki yake. Marekani ikatangaza uhuru mwaka 1776, na bado wapangaji walidaiwa ngano, kuku wanne wanono, na siku ya kazi pamoja na wanyama wao. Tena wengi, wakiuza shamba, robo ya bei ilikwenda kwa bwana. Hili laniudhi kuliko hata ile mahakama. Babu amefyeka msitu, baba amejenga ghala, halafu mtu aliyekaa kitako anyoshe mkono!

Stephen van Rensselaer III alipofariki mwaka 1839, warithi wake walidai malimbikizo yote ya kodi. Wapangaji wakagoma. Walivaa vinyago na magauni (wanaume wazima, jamani!), wakapuliza pembe za bati kuonyana sherifu akija. Katiba ya New York ya mwaka 1846 ilipiga marufuku ukabaila na mikataba mipya ya mashamba ya kupita miaka 12. Ile ya zamani haikuguswa, na wenye kufungwa nayo waliendelea kulipa.