Ndege ya F-117 itufunze kutotupa maarifa

Wanafunzi wa Kibera huziona ndege zikipaa na kutua katika uwanja wa Wilson. Ingefaa basi wasimuliwe darasani jinsi ndege ya kivita ya F-117, iliyoundwa ili kuikwepa rada, ilivyopata umbo lake la ajabu. Kisa hicho kinatuhusu, hata ingawa hatuna kiwanda cha ndege za vita wala hatuna haja nacho.

Mnamo 1962 mwanafizikia wa Kisovieti, Pyotr Ufimtsev, alichapisha mjini Moscow kitabu kuhusu namna mawimbi yanavyotawanyika yakigonga kingo za vitu. Wakubwa wa nchi yake hawakuona faida yoyote ya kijeshi ndani yake, wakakiachilia. Mwaka wa 1971 jeshi la angani la Marekani lilikitafsiri kwa Kiingereza. Denys Overholser, mwanahisabati wa kampuni ya Lockheed, aliisoma tafsiri hiyo, na kwa hesabu zake ikaundwa programu ya kompyuta ya kukadiria mawimbi ya rada yanayorudishwa na umbo la ndege.

Kompyuta za siku hizo zilimudu hesabu za nyuso bapa tu. Kwa hivyo ndege ya majaribio, Have Blue, ilipewa mwili wa vipande bapa vilivyoinamishwa ili mawimbi yatupwe kando badala ya kurudi yalikotoka. Iliruka mara ya kwanza mwaka wa 1977. Ndege mbili zilizoundwa zilianguka zote, moja 1978 na nyingine 1979. Kazi haikukomeshwa. Yaliyojifunzwa yaliingizwa katika F-117, iliyoruka mwaka wa 1981 ikiwa na mapezi ya mkiani yaliyoinamishwa nje badala ya ndani. Kompyuta zilipopata nguvu zaidi, B-2 na F-22 zikaundwa kwa nyuso zilizopinda. Hata hivyo, hakuna ubunifu usio na kikomo: Machi 1999 F-117 moja iliangushwa nchini Serbia kwa kombora la muundo uliozeeka kuliko ndege yenyewe.

Hapa pana mafunzo mawili. Kwanza, maarifa si mali ya aliyeyaandika bali ya anayeyasoma. Pili, kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi.

Sisi je? Mwaka wa 1986 Rais Moi alikitaka Chuo Kikuu cha Nairobi kiunde gari la Kenya. Magari matano ya Nyayo Pioneer yalitengenezwa, yakazinduliwa mwaka wa 1990. Hayakufika sokoni, fedha hazikupatikana na mradi ukafifia. Aibu haikuwa magari yale kuwa na kasoro, kwani gari la kwanza la kila nchi lina kasoro. Aibu ni kwamba hakukufuata la pili lililosahihisha la kwanza.

Yamkini msomaji atauliza: mtoto wa Kibera, au wa Kongo kule Kawangware, asiye na maabara shuleni, atanufaika vipi na habari za rada? Swali ni la haki, na maabara ni wajibu wa serikali, si hisani. Lakini mtaa huo huo una mafundi wa jua kali wanaokunja mabati na kuunga vyuma kila siku. Wanajua kwa mikono yao kwamba bati likikunjwa hubadilika nguvu. Wanachokosa ni mtu wa kuwapa hesabu ya jambo hilo kwa lugha wanayoielewa, na mtu wa kuyaandika wanayoyagundua.

Nawasihi walimu wafanye mambo mawili yasiyohitaji fedha nyingi. Kila mradi wa wanafunzi, hata ulioharibika, uandikwe daftarini na kukabidhiwa darasa litakalofuata, ili lianzie pale wenzao walipoishia. Aidha, walimu wa sayansi na wa Kiswahili washirikiane kuandaa makala fupi za kisayansi kwa Kiswahili, ambazo fundi wa jirani naye ataweza kusoma.

Moscow ilikuwa na kitabu, Marekani ikawa na msomaji. Tusingoje wageni waje kutusomea yaliyomo katika madaftari yetu wenyewe.